Paka wa Lionja na Safari ya Ulaya: Anza na Sindano, Tiketi Baadaye

Mtu wa Lionja, wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi, akipata kazi au masomo Ujerumani, Uholanzi au Uingereza, kitu cha kwanza anachokimbilia ni tiketi. Kama ana paka na hataki kumwacha, tiketi inapaswa kuja mwisho. Kubeba paka si jambo geni kwa mashirika ya ndege. Kinachowakwamisha wengi ni tarehe ambayo damu ya paka ilichukuliwa. Tarehe hiyo usipoipanga mapema, hakuna fedha wala kujuana kutakakoirudisha nyuma.

Sababu ni ugonjwa mmoja: kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa binadamu, ni nadra sana mgonjwa kupona. Nchi nyingi za Ulaya zimeutokomeza kwa mbwa na paka wao, na hazitaki uingie tena kwa mlango wa uwanja wa ndege. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi ambazo hali yake ya ugonjwa huu unairidhia. Tanzania haimo. Kwa hiyo paka anayetoka kwetu hupita njia ndefu kuliko anayetoka, kwa mfano, Mauritius.

Mbweha wa kusini

Wapo wanaoona masharti hayo ni usumbufu wa wazungu tu. Kwa watu wa kusini hoja hiyo haina nguvu. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa katika mikoa ya Lindi na Mtwara kuanzia mwaka 2011 hadi 2019 walikuta kwamba, kati ya wanyama waliodhaniwa kuugua, mbwa walikuwa zaidi ya nusu kidogo na mbweha walikuwa takriban wanne katika kila kumi. Hiyo ni sehemu kubwa isiyo ya kawaida kwa wanyamapori, na ilionekana katika miaka ileile ambayo mbwa wa kusini-mashariki mwa Tanzania walikuwa wakichanjwa kwa maelfu chini ya mpango uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani.

Sasa mfikirie paka wa Lionja. Huyu halali sebuleni. Usiku anavizia panya kwenye ghala la ufuta na mahindi, anapita mikoroshoni, anarudi alfajiri bila kusema alikutana na nani. Paka hawaendelezi ugonjwa huu wao kwa wao kama mbwa, lakini akiumwa na mbwa au mbweha mgonjwa, huupata na anaweza kumwambukiza anayemshika. Afisa wa uwanja wa Frankfurt anapomtilia shaka paka wako, anauliza swali ambalo hata jirani yako ana haki ya kuliuliza.

Masharti ya leo, kwa kweli, ni nafuu. Hadi mwisho wa mwaka 2011, paka aliyetoka Tanzania na kufika Uingereza alikaa karantini miezi sita. Waingereza waliokuja Nachingwea kuanzia mwaka 1947 kwa ajili ya mradi wa karanga, ule uliovunjwa mwaka 1951, kama wapo waliotaka kurudi kwao na paka, hiyo ndiyo sheria waliyoikuta. Tangu Januari 2012 kipimo cha damu kimechukua nafasi ya kizimba cha karantini.

Hatua nne, kwa mpangilio wake

Hatua ya kwanza ni chipu. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele, kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi, kati ya mabega. Hakina betri wala hakionyeshi paka yuko wapi. Kinachobeba ni namba moja tu ya tarakimu 15, ambayo husomwa kwa mashine maalumu. Namba hiyo ndiyo jina la paka katika karatasi zote zitakazofuata.

Hatua ya pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, na paka awe ametimiza angalau wiki 12. Hapa ndipo watu huumia. Chanjo iliyotolewa kabla ya chipu haihesabiwi, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba paka aliyechanjwa siku ile ndiye huyu. Kadi ya kampeni ya chanjo ya kijijini, ile inayofanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni kinga nzuri kwa paka na kwa familia, ila kwa safari haitoshi kama haina namba ya chipu. Itabidi achanjwe tena baada ya chipu.

Hatua ya tatu ni damu. Ichukuliwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kama ile ya Onderstepoort, Afrika Kusini. Maabara hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wa paka umewaandaa baada ya chanjo. Kiwango kinachotakiwa ni angalau yuniti 0.5 za kimataifa katika kila mililita ya seramu. Paka wengi wenye afya waliochanjwa vizuri hufaulu. Akishindwa, huchanjwa upya na hesabu huanza tena.

Hatua ya nne ni kusubiri miezi mitatu, ikihesabiwa tangu siku damu ilipochukuliwa. Watu huuliza: kama kipimo kimeonyesha kwamba ana kinga, tunasubiri nini tena? Kirusi cha kichaa cha mbwa husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na safari hiyo huweza kuchukua wiki au miezi bila dalili yoyote. Paka aliyeumwa na mbweha wiki moja kabla ya chanjo anaweza kuonyesha kingamwili na bado akawa amebeba ugonjwa. Miezi hiyo humpa nafasi aliyeambukizwa zamani kuugua akiwa bado kwenu. Kipimo kinathibitisha kwamba chanjo ilifanya kazi; kungoja kunathibitisha kwamba haikuchelewa.

Tuhesabu. Paka akiwekwa chipu na kuchanjwa Januari 5, damu haichukuliwi kabla ya Februari 4, na safari haiwezekani kabla ya Mei 4. Hiyo ni miezi minne bila kosa hata moja. Kwa mtoto wa paka anayechanjwa akiwa na wiki 12, maana yake hawezi kukanyaga Ulaya kabla ya kukaribia miezi saba.

Umbali wa Lionja

Aliye Dar es Salaam anaweza kufanya haya yote bila kuvuka mtaa. Aliye Lionja ana zaidi ya kilomita 500 hadi huko, na damu haipendi safari ndefu. Ikishaganda, seramu, yale maji ya manjano hafifu yanayobaki juu, inatakiwa kutenganishwa kwa mashine, kuwekwa kwenye ubaridi na kusafirishwa na karatasi zake. Kuchukua damu kijijini na kumpa kondakta wa basi ndani ya chupa ni kumchoma paka sindano bure.

Ushauri wangu ni kugawa kazi. Muulize daktari wa mifugo wa halmashauri kama chipu na chanjo vinaweza kupatikana Nachingwea, na chanjo iwe imetunzwa kwenye jokofu. Damu mpeleke paka akatolee Dar es Salaam, kwenye kliniki iliyozoea kutuma sampuli nje. Unapopanga, angalia pia majira. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga. Barabara ikikatika wakati wa kutoa damu, utachelewa. Ikikatika wiki ya safari, utapoteza cheti.

Cheti chenyewe ni cha afya, na kwa Ulaya lazima paka aingie ndani ya siku 10 tangu kilipotolewa. Saini ya daktari wa kliniki binafsi peke yake haitoshi. Kinatakiwa kutolewa au kuthibitishwa na daktari wa mifugo wa serikali. Kibali cha kumtoa mnyama nchini hushughulikiwa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, chini ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Anayefikiria kuondokea Zanzibar akumbuke kwamba mifugo si jambo la Muungano: huko kuna mamlaka nyingine, na kibali cha bara hakimalizi kazi.

Kila nchi na mlango wake

Niliyoeleza ni masharti ya Umoja wa Ulaya. Uingereza inafuata hesabu hiyohiyo ya chipu, chanjo, damu na miezi mitatu, ila paka akija kwa ndege lazima aingie kama shehena iliyosajiliwa, kwa njia iliyoidhinishwa. Hawezi kukaa miguuni pako. Ndiyo maana baadhi ya watu hushukia Amsterdam au Paris wakiwa na paka kabini, kisha huvuka kwenda Uingereza kwa gari na feri.

Kanada humtaka paka wa zaidi ya miezi mitatu awe na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, bila kipimo cha damu. Serikali kuu ya Marekani haidai hata cheti hicho kwa paka; masharti makali yaliyoanza Agosti 2024 ni ya mbwa. Hata hivyo, jimbo unakokwenda na shirika la ndege wanaweza kukidai, na Hawaii ina sheria zake kali. Umoja wa Falme za Kiarabu unataka kibali cha kuingiza mnyama kabla hajapanda ndege. Australia haimpokei paka moja kwa moja kutoka Tanzania. Lazima apitie kwanza nchi wanayoiidhinisha, na akifika anaingia karantini.

Ndani ya ndege

Mashirika hayalingani. KLM na Turkish Airlines huruhusu paka kabini kwa malipo na kwa nafasi chache, uzito wa paka na mfuko wake ukiwa hauzidi kilo 8. Emirates na Qatar Airways hawaweki paka kabini; husafiri chini. Wengi huogopa huko chini wakidhani ni sawa na buti la basi. Sehemu inayobeba wanyama ina mgandamizo wa hewa kama wa kabini, na joto lake hudhibitiwa. Hatari kubwa zaidi iko ardhini, wakati kreti inaposubiri juani. Chagua ndege ya usiku, na yenye kubadilisha mara moja tu.

Kreti ifuate kanuni za chama cha mashirika ya ndege, IATA: paka aweze kusimama, kugeuka na kulala kwa raha, hewa iingie pande zote, na mlango usifunguke kwa kusukumwa. Tenga la kuku halikubaliki, hata likiwa imara namna gani.

Paka anayeiona kreti kwa mara ya kwanza siku ya safari atapigana. Iweke wazi ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla, umwekee chakula humo, tandika khanga mliyoizoea bila kuifua ili aondoke na harufu ya nyumbani. Kabla ya ndege, mpe mlo mdogo saa chache mapema, na maji yawepo. Mvalishe mkanda wa kifuani, maana kwenye ukaguzi wa usalama huweza kuhitajika atolewe kreti ipite kwenye mashine peke yake. Omba ukaguzi ufanyike chumba kilichofungwa.

Usimpe dawa ya usingizi. Hushusha shinikizo la damu, hupunguza pumzi, na paka aliyelewa hawezi kujishikilia ndege ikiyumba. Mashirika mengi humkataa akionekana amelegea. Kama ana hofu kupita kiasi, zungumza mapema na daktari. Paka wa pua bapa, kama wa Kiajemi, hupumua kwa shida hata wakiwa wametulia, na mashirika mengine hukataa kuwabeba chini.

Akifika, atajificha chini ya kitanda. Mwache, ila hesabu milo yake. Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, mafuta huanza kujazana kwenye ini, na hali hiyo huua. Usingoje azoee, mpeleke kwa daktari. Mfungie ndani wiki kadhaa kabla ya kumruhusu nje, la sivyo atatoka kuitafuta Lionja.

Kama bado hujaamua

Wengine husema: nitatangulia, paka atakuja baadaye. Kwa Ulaya, paka akisafiri zaidi ya siku tano kabla au baada ya mwenyewe, anahesabiwa kama mnyama wa biashara, na karatasi huongezeka. Ni nafuu kurudi likizo na kumchukua mwenyewe.

Kuna habari njema ambayo wachache wanaijua. Kipimo cha damu kikishafaulu, kwa Umoja wa Ulaya hakiishi muda, mradi chanjo irudiwe kabla ya tarehe yake kupita. Ikichelewa hata siku moja, inahesabiwa kuwa chanjo ya kwanza, na damu huchukuliwa upya. Hivyo aliyeomba kazi nje na bado anasubiri jibu hana haja ya kungoja barua ndipo aanze. Amweke paka chipu na chanjo sasa, amtoe damu mwezi ujao, aandike tarehe ya chanjo inayofuata mahali atakapoiona. Barua ikija, miezi mitatu itakuwa imeshapita. Isipokuja, atakuwa na paka aliyekingwa katika wilaya ambayo mbweha wanafika hadi mashambani.