Kuchagua Opampu kwa Saketi ya Betri Mbili

Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, wilayani Tarime na Serengeti, tuliona jambo moja likijirudia. Mwalimu huchukua opampu ya 741, iliyobuniwa mwaka 1968 na ambayo vitabu vingi bado huichora, akaiunga na betri mbili za tochi. Kisha mita ikakataa kuonyesha jibu lililokwisha kupigiwa hesabu ubaoni. Wanafunzi, kwa kuwa wanaijua tarakimu inayotakiwa, huiandika daftarini kana kwamba wameisoma kwenye mita. Hilo la mwisho ndilo lililotusikitisha.

Kosa si la 741. Kwa kawaida vitabu huipa volti 15 chanya na volti 15 hasi. Ikipewa volti 3 tu, haibakiwi na nafasi ya kufanyia kazi.

Kabla ya kuchagua, sharti mwalimu asome katika maelezo ya chipu kiasi kidogo kabisa cha volti inachohitaji, na tokeo lake laweza kupanda hadi wapi. LM358 huanzia volti 3. Tokeo lake hushuka karibu na sifuri, lakini likipanda huishia takriban volti 1.5 chini ya volti za betri. MCP6002 hufanya kazi kuanzia volti 1.8 hadi 6, na tokeo lake hukaribia ncha zote mbili.

Tuseme tumetumia rezista za kilo-omu 10 na 100, ukuzaji ukawa mara 11. Ingizo la volti 0.1 litatoa volti 1.1 kwa chipu zote mbili. Ingizo likiwa 0.2, twatarajia 2.2, MCP6002 itaitoa, LM358 itakwama karibu na 1.5. Miguu minane ya chipu hizi imepangwa sawasawa, hivyo yafaa kuzibadilisha mahali pale pale, betri ikiwa imetolewa, na kuwaacha wanafunzi wabishane kabla mwalimu hajaeleza.

Hesabu ifanywe kwa betri kuukuu, si mpya. Kila moja ikishuka hadi volti 1, LM358 imekwisha pita mpaka wake. MCP6002 bado ingali hai, ila ile 2.2 haifikiki tena.

Penye betri ya sola ya volti 12, MCP6002 isiungwe kamwe, kwani itaungua. Hapo LM358, inayostahimili hadi volti 32, ndiyo ifaayo.