Mbogi ya UX Inavutwa na Kazi Yako

Madizaina wengi wa mtaa wanasaka konekshen kwa njia ngumu. Wanaingia inboksi ya msee amejipata, wanarusha "niaje bro, nipange na kazi," alafu wanangoja. Maze, huyo msee hajui wewe hufikiria aje wala umewahi tatua nini. Atashika wapi? Kwa hii gemu ya UX, watu hukuja karibu ukiandika kazi yako bila kuficha: shida ilikuwa gani, ilikuwa inasumbua nani, nini uligusa, nini ikagoma, nini ikashika.

Nai tushaiona ikifanya. January 2008, vurugu ya uchaguzi ikiwa imewaka, Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza ka kuna watu wa teknolojia wanaeza tengeneza ramani ya kuonyesha mahali kunachomeka. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaingia ndani, na ramani ya Ushahidi ikazaliwa. Kutoka kwa hiyo mbogi ndio iHub, base ya watu wa teknolojia, ilifunguliwa Ngong Road 2010, na baadaye ikapata labu yake ya UX. Yote ilianza na mtu kuweka shida mezani na kuita wenye mikono.

Sasa wewe uandike nini? Anza na watu. Jakob Nielsen alisema 2000 kwamba kutesti na watu watano kunaeza fichua karibu asilimia 85 ya shida za dizaini. Watano tu! Mtaani unawapata kabla ya lanchi: mama mboga, konda, msee wa nduthi, shosh, fundi wa simu. Wape simu, waambie watume doo, alafu nyamaza ucheki. Penye kidole inasita, hapo ndio stori yako iko. Andika venye alisema, onyesha skrini ya kwanza na ya pili, eleza kwa nini ulihamisha kitufe.

M-Pesa yenyewe ilinyooshwa hivyo. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo, lakini watu wakaanza kutumiana doo zao. Ilipotoka rasmi 2007, kutuma pesa ndio ilikuwa kitu kubwa.

Heshima pia ni muhimu. Omba ruhusa, ficha majina na namba, siri za mteja usimwage. Na ukisoma kazi ya mwenzako, usiache "moto sana" ukapita. Uliza swali ya maana: msee wa kabambe atafikaje hapa?

Andika na lugha unaongea, na maisha yenye unaona huku. Makala mob za UX zinatoka majuu, kwa watu wa kadi za benki na intaneti haikatiki. Huku bando inaisha katikati ya malipo, skrini imepasuka, simu moja inatumika na watu watatu kwa keja. Dizaina wa Kisumu ama Mombasa akisoma stori ya hivyo atajiona hapo, na atakutafta.

Wiki hii chukua apu moja, watu watano, na ukurasa mmoja. Mwisho weka swali bado hujapata jibu yake. Hilo swali ndilo litamfanya mtu aseme, "Hata mimi hiyo kitu imenisumbua, tuichape pamoja."