Mkono Safi Ni Ungamo la Imani

Siku ya Mungu wakristu wetu wanasimama wote pamoja, wanasema «Nasadiki», na sauti yao inajaza kanisa. Ni jambo zuri sana. Lakini kesho yake, sokoni, masomoni na bironi, imani ile inakaa wapi? Tunataka kueleza hapa neno moja tu: mkristu anayefanya kazi yake bila udanganyifu anaungama imani kweli, kama vile anavyoiungama kanisani. Na yule anayedanganya kazini anakana kwa mkono wake neno alilolisema kwa kinywa.

1. Mfano wa Goma

Tusitafute mfano mbali. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria. Aliingia katika jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia maibobo, ndio watoto wanaoishi barabarani, wapate kusoma. Kisha alipata kazi katika OCC, yaani Office Congolais de Contrôle, ofisi ya serkali yenye kuchunguza vitu vya biashara. Alipaswa kutazama vyakula vinavyoingia kwa njia ya mpaka: kama ni vizuri, vipite, kama vimeharibika, visifike sokoni.

Siku moja walileta mchele ulioharibika. Watu walimwahidi feza ili aupitishe, naye akakataa. Walimsukuma kwa maneno na kwa vitisho, akakataa tena. Alieleza mawazo yake kwa mtawa mmoja aliye mganga: feza hii itakwisha upesi, lakini wale watakaokula chakula hiki, watakuwa namna gani? Tarehe 7 Julai 2007 watu walimkamata kwa nguvu, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26.

Tarehe 25 Novemba 2024 Papa Francisko alikubali kwamba Floribert alikufa shahidi wa imani. Tarehe 15 Juni 2025, sikukuu ya Utatu Mtakatifu, alitangazwa mwenye heri kule Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

2. Sababu gani anaitwa shahidi?

Pengine mtu atauliza: «Hawakumwambia amkane Yezu. Walimwomba tu apitishe mchele. Basi, namna gani tunasema alikufa kwa ajili ya imani?»

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza jambo hili zamani, na jibu lake ni wazi. Anafundisha kwamba kila tendo jema, tukilifanya kwa ajili ya Mungu, linaungama imani. Kwa hiyo linaweza kuwa sababu ya ushahidi. Anatukumbusha Yoane Mbatizaji. Herode hakumwua kwa sababu alikataa kuikana imani. Yoane alikufa kwa sababu alimkataza mfalme kuoa mke wa ndugu yake. Hata hivyo Eklezya inamheshimu kama shahidi.

Ndivyo ilivyo kwa Floribert. Alijiuliza kama anaishi katika Kristu au hapana, na jibu lake aliliandika kwa kazi yake. Kwake karatasi ya mchele na Nasadiki ya Misa vilikuwa jambo moja.

3. Zawadi na rushwa

Wazee wetu walitufundisha kutoa. Mgeni harudi mikono mitupu, na padiri akitembelea kijiji anapewa kuku. Hiyo ni heshima, tusiiharibu. Lakini watu wengi wanaficha rushwa chini ya jina la zawadi, wanaiita matabishi, wanaiita maji ya kunywa. Tutazitenganisha namna gani? Tujiulize maneno matatu:

a) Anayenipa anatoa kwa moyo mwema, ama kwa sababu ananiogopa?

b) Ningeweza kuipokea mbele ya watu wote?

c) Kitu hiki kinanunua nini?

Swali la tatu ndilo kubwa. Sahihi ya Floribert haikuwa mali yake, ilikuwa ulinzi wa mama anayenunua mchele kwa watoto wake. Hakuna mtu anayeweza kuuza kitu kisicho chake. Kwa hiyo Katekisimu ya Eklezya Katoliki (n. 2409) inaweka rushwa kati ya makosa ya amri ya saba: Usiibe. Tena inafundisha (n. 2412) kwamba mwenye kuiba anapaswa kurudisha. Zakayo alielewa vema: hakusema tu «Nisamehe», aliahidi kurudisha mara nne.

4. Masingizio ya watu

Watu watasema: «Mshahara ni mdogo, na pengine hauji.» Tusiwacheke. Njaa ni njaa, na mchungaji asiyejua njaa ya kondoo zake anasema bure. Serkali na mabwana wasiolipa watu wao wana zambi yao, nayo ni kubwa. Lakini njaa yangu hainipi ruhusa ya kumlisha mwenzangu sumu.

Hapa padiri anayeungamisha afahamu vema. Mama anayelazimishwa kutoa feza ili apate karatasi iliyo haki yake hana kosa sawa na yule anayemdai: yeye ameibiwa. Lakini mtu anayetoa feza ili apate nafasi ya mwingine, au ili uongo uitwe ukweli, huyo ni mwizi pamoja na mwenye kupokea. Tusiwafunge wote kwa kamba moja.

5. Tuanze nyumbani mwetu

Tukihubiri juu ya watu wa mpakani tu, watu watatucheka. Sisi pia tuna karatasi zetu na mipaka yetu.

Mseminari anayeiba majibu ya mwenzake katika mtihani anajifundisha kuweka sahihi ya uongo. Kesho atakuwa na funguo za sanduku la parokia.

Katekista anaombwa kubadili mwaka wa kuzaliwa katika kitabu cha ubatizo, ili mtoto apokelewe masomoni. Anaona ni huruma. Lakini kitabu kile ni ushuhuda wa Eklezya, nacho kikisema uongo mara moja, nani atakisadiki tena?

Padiri akumbuke sheria ya Eklezya: asidai kitu kupita sadaka iliyowekwa na wakubwa, wala maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake (kanuni 848). Tena, sadaka zilizotolewa kwa nia mbalimbali zidaiwe Misa mbalimbali, hata kama sadaka ni ndogo (kanuni 948).

Wenzetu wapenzi, si wote watakaoitwa kumwaga damu. Lakini kila mmoja wetu ana kalamu, kitabu, ama sanduku mkononi mwake. Kabla ya kuweka sahihi, tusimame kidogo na kujiuliza kama Floribert: Je, tunaishi katika Kristu, au hapana? Kisha tuandike kweli tu.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui, utuombee.