Dodoma nafuu, lakini nyumba ni mbili

Ijumaa jioni katika stesheni ya SGR ya Dodoma utawatambua watumishi wanaokwenda Dar es Salaam: begi dogo mgongoni, mkononi mfuko wa karanga au zabibu za watoto. Jumapili wanarudi. Mimi ni mmoja wao, na nikiulizwa mji upi una unafuu, sina jibu la neno moja.

Ukihesabu vitu, Dodoma inashinda. Kazini nafika kwa daladala moja. Dar, mtu wa Chanika anayefanya kazi Posta hubadilisha magari, na siku akichelewa huita bodaboda. Bei ya umeme ni moja nchi nzima, ila uniti haziishi kwa kasi moja. Januari ya Dar feni inazunguka usiku kucha. Dodoma mwezi wa saba tunajifunika blanketi mbili. Mahindi na alizeti ni vya huku huku, na soko la nafaka la Kibaigwa liko kando ya barabara kuu.

Kinachotutesa ni maji. Mji umetegemea visima vya Makutupora miaka mingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kweli baada ya 2016, na watu wakaja kwa wingi. Kwangu bomba lina ratiba. Lisipotoa, nanunua kwa dumu la lita 20, na siku hiyo hata mlenda unaoshwa kwa vikombe vya kuhesabu.

Kodi nayo ilipanda pamoja na sisi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita taslimu, dalali anataka ya mwezi mmoja. Na Dar nako nalipa, maana mke wangu ana kazi Temeke, watoto wako shule, mama yuko kliniki kila mwezi. Mitungi ya gesi miwili, LUKU mbili. Treni ya kawaida ilipoanza mwaka 2024 nauli ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi mara nne kwa mwezi ni 248,000.

Wenzangu wengi wameamua kwenda mara moja kwa mwezi. Nami nilijaribu, miezi mitatu. Siku moja nilipoingia sebuleni, kitindamimba wetu wa miaka miwili alijificha nyuma ya mama yake, akaambiwa anisalimie. Akasema, "Shikamoo mjomba."

Tangu siku hiyo tiketi ya Ijumaa nainunua kabla ya unga.