Gharama ya Kununua Kidogo Kidogo

Mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa na huduma kwa jumla katika kipindi fulani, hupimwa nchini Tanzania na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa njia ya fahirisi ya bei za mlaji, ambayo hulinganisha gharama ya kapu lilelile la bidhaa kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Lakini kapu hilo ni la wastani, na hakuna kaya inayokula wastani. Mwanatakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha kaya kilivyo kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula, na kwa hiyo unga unapopanda bei, kaya ya kipato cha chini huumia kuliko takwimu za taifa zinavyoweza kueleza. Kuna jambo la pili ambalo halijadiliwi vya kutosha: kaya hiyohiyo, kwa sababu hununua kidogo kidogo, mara nyingi hulipa bei kubwa zaidi kwa kila kilo ya chakula kilekile kuliko jirani yake mwenye uwezo wa kununua gunia.

Katika mitaa ya Dar es Salaam, kwenye duka la Mangi, kama wakazi wanavyoliita duka la jirani bila kujali mwenye duka ni nani, sukari hununuliwa kwa robo, unga kwa nusu kilo, na mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe kidogo kinachotosha chungu kimoja cha mboga. Mjini Nairobi ununuzi wa namna hii hujulikana kama kadogo. Hesabu yake haionekani kwa urahisi, kwa kuwa kila kipimo peke yake kinaonekana nafuu. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba lita moja ya mafuta inauzwa shilingi 6,000 na kikombe cha mililita 50 kinauzwa shilingi 400, mnunuzi wa vikombe atakuwa amelipa shilingi 8,000 atakapomaliza lita, yaani theluthi moja zaidi, na tofauti hiyo ikijirudia kwenye sukari, chumvi, majani ya chai na sabuni, kaya inaweza kupoteza kila mwezi fedha ambazo zingetosha kununua unga wa siku kadhaa.

Kuwalaumu wanunuzi hao kwa kukosa mipango ni kosa. Anayelipwa kwa siku hawezi kutumia leo fedha ya keshokutwa. Anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga hana pa kuweka gunia ambapo panya na unyevu havitalifikia. Na akina mama wengi wanafahamu kwamba chakula kinachoonekana kingi ndani ya nyumba huliwa haraka, huombwa na ndugu na majirani, na ni vigumu kuwakatalia. Zaidi ya hayo, Mangi hukopesha, na daftari lake ndilo linalozivusha kaya nyingi hadi mwisho wa juma. Kwa hiyo ushauri unaorudiwa kila bei zinapopanda, kwamba watu wajinyime, hauwafai watu ambao wamekwisha kujinyima. Linalohitajika ni njia ya kuwafikisha kwenye kipimo kikubwa bila kuwataka wawe na fedha ambazo hawana.

Upandaji wa bei wenyewe aghalabu hujificha ndani ya kipimo. Gengeni, ambako nyanya, vitunguu na viazi huuzwa kwa mafungu, bei ya fungu inaweza kubaki shilingi 1,000 kwa miezi mingi huku idadi ya nyanya ikishuka kutoka saba hadi tano, kisha nne, na mnunuzi asiyehesabu akaamini kwamba bei haijabadilika. Hali ni hiyohiyo kwa sado, ndoo ndogo ya plastiki ya takriban lita 4 inayotumika kupimia nafaka na viazi, kwa maana chombo kinachopima ujazo badala ya uzito humpa muuzaji nafasi ya kukijaza hadi kilele au kukisawazisha, na sado iliyobonyezwa kitako hubeba pungufu ya ile nzima. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana kwa miaka mingi na lumbesa, yaani gunia lililoshonewa nyongeza juu ili kumpunja mkulima, na ingefaa juhudi hiyohiyo ifike hadi kwenye sado inayompunja mlaji. Mnunuzi anayeomba bidhaa ipimwe kwenye mizani, au anayehesabu nyanya zake kila juma, anaijua bei halisi.

Yapo mambo ambayo hakuna kaya inayoweza kuyazuia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, vilifuatiwa na hatua ya Indonesia kusitisha uuzaji wa mafuta ya mawese nje ya nchi kwa takriban wiki tatu kuanzia tarehe 28 Aprili, na bei ikawa imeyumba hadi kwenye vijiwe vya chipsi vya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo nchini Kenya pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ilivuka shilingi 200 za nchi hiyo, serikali ikatangaza mwezi Julai kwamba ingeuzwa shilingi 100 kwa ruzuku, ambayo ni fedha ya umma inayolipwa ili bei ya mlaji ishuke. Mpango huo ulidumu wiki chache tu, na katika maduka mengi unga wa bei hiyo haukuonekana.

Msimu, kinyume chake, hutabirika. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, yaani mikoa kama Ruvuma, Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe na Iringa, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, mahindi huvunwa hasa kati ya Mei na Agosti, na kwa kawaida bei hupanda maghala ya wakulima yanapobaki matupu, kuanzia Desemba hadi Machi. Nafuu ya bei ya wakati wa mavuno humfikia mwenye fedha mkononi mwezi wa Julai, na hapo ndipo upatu na vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinapopata kazi mpya. Upatu ni mchango wa zamu ambao kila mwanachama hupokea fungu lote siku yake inapofika. Wanawake watano wa mtaa mmoja wanaweza kuugeuza uwe wa chakula, wakanunua gunia la kilo 100 katika soko la jumla kama Tandale, wakakodi bajaji moja, kisha wakagawana kilo 20 kila mmoja kwa mizani. Faida ni halisi pale tu nauli inapogawanywa, kwa sababu mtu anayesafiri peke yake kwa daladala mbili kwenda kununua kilo tatu za mchele huimaliza akiba yake barabarani.

Gunia lakini linahitaji ujuzi. Mahindi yaliyovunwa karibuni huwa na maji mengi, na anayeyanunua kwa kilo hulipia maji hayo: gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi asilimia 13, kiwango kinachofaa kwa kuhifadhi, hubaki na kilo 94 hivi. Wakulima hupima bila mashine kwa kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo na kuitikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa baada ya dakika chache, punje bado ni mbichi. Nafaka yenye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondolewa kikamilifu kwa kupika, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya na mwaka 2016 ikasababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka kavu nayo ina adui wake, dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye huyageuza mahindi kuwa vumbi. Dawa yake isiyo na kemikali ni mfuko usiopitisha hewa, wenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida, ambamo wadudu hufa kwa kukosa hewa ikiwa mfuko umefungwa vyema na haufunguliwi kila siku.

Kwenye jiko lenyewe, mahindi yakisagwa dona, pamoja na pumba na kiini chake, hutoa unga mwingi zaidi na wenye lishe zaidi kuliko sembe iliyokobolewa, ingawa mafuta ya kiini huufanya uharibike mapema, na hivyo ni busara kusaga kidogo kidogo hata pale mahindi yaliponunuliwa kwa wingi. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa mkaa mchache, na kunde au choroko kwa mkaa mchache zaidi, jambo la kuzingatiwa kwa sababu mkaa nao hununuliwa kwa kopo, kwa bei ya kipimo kidogo.

Kipimo kidogo chenyewe si lazima kiwe ghali. Katika miji ya Kenya, mashine za kuuzia maziwa, ambazo wakazi huziita ATM, humpa mnunuzi kiasi chochote kinacholingana na fedha aliyotia, na bei ya lita haibadiliki kwa aliyenunua kidogo, kwa sababu hakuna pakiti wala mfungaji wa kulipwa. Mtindo huo ungeweza kuenea kwenye mafuta ya kula na sukari katika maduka ya mitaani ya Tanzania, lakini unahitaji mtaji na vipimo vilivyokaguliwa, na kabla haujafika, upatu ndio ulio karibu. Kikundi kinachotaka mahindi ya Julai hakina budi kuanza kuchanga mwezi Januari, wakati unga uko juu na fedha ni chache, kwa mchango mdogo kiasi cha kutomshinda mwanachama mwenye kipato cha siku, huku fedha hizo zikikaa kwa mtunzaji asiyekuwa muuzaji wa unga.