Kwa Nini Twachanjwa

Mwezi wa Machi mwaka 2023 homa ya Marburg ilizuka Bukoba, upande wa Maruku na Kanyangereko. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao wakafa, mmoja wao mtumishi wa afya. Madaktari hawakuwa na chanjo ya maradhi yale. Ikawapasa kuwatenga wagonjwa, na kuwaangalia kila siku watu 212 waliokaribiana nao. Maradhi yalitangazwa kuwa yamekwisha tarehe 2 Juni. Hivyo ndivyo ilivyo kupigana na adui pasipo ngao.

Basi chanjo ni nini? Neno lenyewe latoka katika kuchanja, kwa kuwa zamani ngozi ya mkono ilichanjwa kidogo ili kutiwa dawa ya ndui. Siku hizi chanjo nyingi hupigwa kwa sindano, na nyingine ni matone ya mdomoni. Ndani ya miili yetu mna askari. Wakikutana na adui mgeni hukawia kumtambua, na katika kukawia kwao mgonjwa aweza kufa. Mwindaji humnusisha mbwa wake ngozi ya mnyama, apate kuijua harufu yake kabla hawajaingia mwituni. Chanjo nayo hufanya vivyo hivyo: huuonyesha mwili vidudu vilivyodhoofishwa au kuuawa, au sehemu yake tu, ili askari wajifunze. Mtoto akipata homa kidogo usiku ule, wazazi wengine huogopa. Lakini mara nyingi homa hiyo ni dalili ya mafunzo hayo.

Ndui ilikuwa ikiua watu na kupofusha wengine. Mtu wa mwisho kuambukizwa katika hali ya kawaida aliugua huko Merca, Somalia, mwaka 1977, naye akapona. Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Wakubwa nao huchanjwa. Mama mwenye mimba huchanjwa pepopunda, na kinga yake humfikia mtoto tumboni, isije ikamwingia kwa kidonda cha kitovu. Tena mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

Surua bado ipo. Vidudu vyake hukaa hewani hata saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Katika Tanzania mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, na mara ya pili akiwa na miezi 18. Je, mdogo wako wa miezi 5 atalindwa na nani? Atalindwa na wale wanaomzunguka, nyumbani na kwa jirani. Ndiyo sababu madaktari hutaka watu 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara zote mbili.