Bunduki ya jimbo jirani: Bei rahisi yenye kodi na kesi ndani yake

MFUGAJI wa kondoo katika jimbo la Idaho, Marekani, anayeamka asubuhi na kukuta wana-kondoo watatu wameliwa na koyote, hahitaji kuelezwa faida ya bunduki. Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa anayeshabihiana na mbweha, na ndiye anayeongoza kwa kuua kondoo nchini humo. Kwa mfugaji huyo bunduki ni chombo cha kazi kama lilivyo bomba la kunyunyizia dawa, na kama chombo kingine chochote, hukinunua akiwa ameangalia bei.

Tatizo huanza pale bei nzuri inapopatikana ng'ambo ya mpaka wa jimbo. Idaho hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6. Jirani yake, Montana, haitozi kodi ya mauzo ya jumla. Kwa bunduki ya dola 800, tofauti ni dola 48. Wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa faida ya bure, lakini sheria na hesabu zinasema vingine.

Kodi humfuata mnunuzi nyumbani

Kati ya majimbo 50 ya Marekani, 45 hutoza kodi ya mauzo ya jimbo zima. Matano yasiyotoza ni Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, ingawa Alaska huziruhusu serikali za mitaa kutoza ya kwao. Viwango hutofautiana: Colorado hutoza asilimia 2.9 na Mississippi asilimia 7, kabla ya kuongeza kodi za miji na wilaya pale zilipo.

Kwa kuwa tofauti hizo zingewakimbiza wateja kwenda kununua mpakani, majimbo yaliweka kodi ya pili iitwayo kodi ya matumizi. Mkazi akinunua bidhaa nje ya jimbo lake bila kulipa kodi, kisha akaileta nyumbani kuitumia, anadaiwa kodi ya kiwango kile kile na jimbo lake. Kama alilipa kodi kidogo kule alikonunua, kwa kawaida hudaiwa tofauti tu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali kodi ya namna hiyo mwaka 1937 katika kesi iliyohusu jimbo la Washington.

Kwa hiyo mfugaji wa Idaho anayerudi na bunduki ya Montana anadaiwa dola 48 zile zile. Fomu ya kodi ya mapato ya jimbo lake ina mstari maalumu wa kuziandika.

Kwa miaka mingi watu wengi waliuacha mstari huo wazi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu iliamua kuwa jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji wa mbali kukusanya kodi yake kama hana duka, ghala au wafanyakazi ndani ya jimbo hilo. Uamuzi huo ulitenguliwa Juni 21, 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, kwa kura tano dhidi ya nne. Tangu hapo muuzaji wa mbali hubanwa kwa ukubwa wa mauzo yake. Idaho iliweka kiwango cha dola 100,000 kwa mwaka. California na Texas ziliweka dola 500,000. Duka kubwa la Montana linalouza kwa intaneti, likifikia kiwango cha Idaho, hulazimika kumkata mteja wa Idaho kodi wakati anapolipa.

Ipo pia kodi isiyoonekana kwenye risiti. Serikali kuu hutoza watengenezaji na waingizaji asilimia 10 kwa bastola na asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha hizo huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Mnunuzi huilipa ikiwa imo ndani ya bei. Katika miaka ya karibuni baadhi ya majimbo yameongeza yao: California asilimia 11 kuanzia Julai 1, 2024, na Colorado asilimia 6.5 kuanzia Aprili 1, 2025.

Bastola haipiti njia ya bunduki ndefu

Bunduki iliyotumika kumuua Rais John Kennedy mwezi Novemba 1963 iliagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago, kwa bei isiyofika dola 22 pamoja na gharama ya kusafirisha. Mauaji hayo, pamoja na mengine yaliyofuata, yalizaa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968. Sheria hiyo ndiyo inayosimamia hadi leo silaha zinazovuka mipaka ya majimbo.

Kwa bunduki ndefu, mkazi wa jimbo moja anaweza kuinunua na kuichukua mkononi katika duka lenye leseni la jimbo jingine, ikiwa mauzo hayo hayavunji sheria za majimbo yote mawili. Ruhusa hiyo ilipanuliwa mwaka 1986; awali ilihusu majimbo yanayopakana tu.

Bastola haina ruhusa hiyo. Mnunuzi anaweza kuilipia jimbo jingine, lakini duka litaituma kwa muuza silaha mwenye leseni katika jimbo analoishi mnunuzi. Hapo ndipo atakapojaza fomu, kukaguliwa na kukabidhiwa. Njia hiyo hiyo hutumika kwa bunduki ndefu iliyoagizwa kutoka mbali, kwani muuzaji haruhusiwi kuituma moja kwa moja nyumbani kwa mwananchi wa kawaida.

Ukaguzi hufanywa kupitia mfumo wa FBI ulioanza Novemba 30, 1998. Huangalia kama mnunuzi ana hukumu ya kosa kubwa au kizuizi kingine kinachomnyima haki ya kumiliki silaha.

Kosa huwanasa zaidi wale wanaouziana wenyewe kwa wenyewe. Majirani wawili, mmoja Idaho na mwingine Montana, hawaruhusiwi kuuziana bunduki uani kwa kupeana mikono. Lazima silaha ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Urithi umeachwa huru: mtu aliyeachiwa bunduki na marehemu anaweza kuichukua na kuipeleka jimboni kwake, mradi anaruhusiwa kuimiliki huko.

Hesabu ya mfugaji

Tuseme bunduki ni dola 800 Montana, na duka la mjini kwake linaiuza dola 840. Akinunua nyumbani, atalipa na kodi jumla ya dola 890.40.

Akiagiza kutoka duka kubwa la Montana, atalipa dola 800, kodi 48, usafirishaji tuseme dola 20, na ada ya muuzaji wa Idaho anayeipokea tuseme dola 35. Jumla ni dola 903. Bunduki iliyoonekana kuwa rahisi kwa dola 40 imekuwa ghali kwa dola 12.60.

Akiamua kuifuata mwenyewe kutoka mji wa Salmon hadi Missoula, safari ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu. Gari linalokwenda kilomita nane kwa lita litakunywa lita zisizopungua 50. Kwa dola 0.90 kwa lita, hiyo ni dola 45 kwa uchache. Pamoja na kodi ya matumizi, ametumia dola 893, na siku nzima ya kazi imepotea. Hata yule anayeficha kodi anabaki na akiba isiyofika dola 50, huku akiwa na deni kwa jimbo.

Ndugu akikununulia

Njia ya mkato inayowaponza wengi ni kumtuma ndugu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu juu ya askari polisi wa zamani wa Virginia aliyemnunulia bastola mjomba wake wa Pennsylvania, kwa fedha za mjomba, ili apate punguzo la bei wanalopewa polisi. Wote wawili waliruhusiwa kumiliki silaha, na mjomba alikabidhiwa bastola hiyo kupitia muuzaji mwenye leseni. Hata hivyo, mahakama ilithibitisha hatia kwa kura tano dhidi ya nne, kwa sababu askari huyo aliandika kwenye fomu kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi.

Mwaka 2022 Bunge la Marekani liliongeza makali: kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 15, na hadi miaka 25 akijua kuwa silaha itatumika kwa uhalifu mkubwa.

Jambo hili linawagusa pia Waafrika Mashariki waishio huko. Mwenye ukazi wa kudumu anaweza kununua silaha kwa masharti ya kawaida. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, amekatazwa, isipokuwa ana sababu maalumu iliyotajwa na sheria, kama leseni halali ya kuwinda. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini mgeni yeyote, hata mwenye ukazi wa kudumu.

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyewahi kupeleka mzigo Zanzibar atalitambua somo hili mara moja, maana Bara na Visiwani kila upande una sheria yake ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Bei ya dukani ni mwanzo tu wa hesabu. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ajue kodi ya mahali bidhaa itakapotumika, gharama ya kuifikisha, na kama sheria inamruhusu kuipokea. Kwa bidhaa nyingi, kukosea hesabu hiyo ni hasara ya fedha. Kwa bunduki, kunaweza kuwa kifungo.